Sufuria moja, sahani tofauti: namna tunavyopunguza bugali hapa Nguba

Hapa kwetu Nguba, jua likianza kuzama upande wa ziwa, ukipita kati ya nyumba unasikia mwiko unagonga sufuria. Ni bugali inapikwa. Mama anabana sufuria kwa miguu, anageuza unga kwa mikono miwili, na watoto wanajua kama dakika kumi tu zimebaki. Bila ile sauti siku haijaisha. Mutu anaweza kula kuku, mayai na ndizi tangu asubuhi, lakini ukimuuliza atakujibu: "Leo sijakula kitu." Maana yake hajaona bugali.

Sisi wenye kuandika haya ni watu wa sendika ya migodi. Wengi wetu kazi iko kule juu, Mwenga, Walungu ao Kalehe, na familia ziko Bukavu. Hatukusomea mambo ya chakula. Tulimaliza sekondari, tukajifunza kanuni ya kazi, tukajifunza kubishana na wakubwa juu ya mushahara. Kama leo tunaandika juu ya sufuria, ni kwa sababu sufuria ilianza kumaliza feza za mutualite yetu. Katika mwaka mumoja tu, watu watatu kati yetu walipatikana na ugonjwa wa sukari, na kila mwezi kasha ilikuwa inatoka kununua vidonge, kulipa vipimo na kufunga vidonda. Tulipohesabu tuliona kwamba tukiendelea hivyo, mutoto wa mwenzetu akishikwa na malariya hatutakuwa na franka hata moja ya kumusaidia.

Neno "sukari" lilitudanganya

Wa kwanza alikuwa Delege. Tumuite hivyo tu, kwa sababu alikuwa delege wa sendika miaka mingi na hata watoto wa mutaa wanamuita Papa Delege. Alikuwa na miaka 56. Alianza kuamuka usiku mara tano kwenda kukojoa. Alikuwa anakunywa maji kama mutu aliyetoka jangwani. Suruali ikawa kubwa kwake. Alitibiwa malariya mara mbili. Kisha kidonda kidogo kwenye kidole cha muguu, kilichotoka kwenye botte ya kazi, kikakataa kupona. Ndipo walimuchoma kidole cha mukono wakapima damu: 312. Munganga alimueleza kama asubuhi, mutu hajakula, kipimo kikifika 126 ao zaidi, na kikirudi vilevile siku ingine, ni ugonjwa wa sukari.

Delege ni mutu wa disipline. Alirudi nyumbani na kutangaza: "Kuanzia leo, sukari haingie tena mu chai yangu." Mama Delege akatoa sukari, akatoa asali, sikre zote zikapewa watoto. Lakini asubuhi Delege alikunywa chai ya bure na bitumbura vine. Midi alikula viazi vitamu. Jioni alikula bugali kubwa kama kichwa cha mutoto, na sombe kidogo pembeni. Kisha miezi mitatu alirudi kupima: 280. Akasema dawa ni ya uongo. Jirani mumoja akasema ni mukono wa mutu.

Hakukuwa na mukono wa mutu. Ni jina la ugonjwa lilitudanganya. Tunasema "sukari" na tunafikiri ile nyeupe ya kijiko. Lakini unga wa muhogo, katika gramu 100, zaidi ya gramu 80 ni wanga, na wanga ikifika tumboni inavunjwa inakuwa sukari. Unga wa mahindi uko karibu na gramu 75. Sasa fanya hesabu kama vile tunafanyaka hesabu ya mushahara. Bugali iliyotoka katika gramu 200 za unga, na mutu wa kazi anaimaliza bila kupumua, inaleta zaidi ya gramu 150 za wanga. Chupa moja ya sikre ya santilita 33 iko na sukari karibu gramu 35. Delege alikuwa anakataa chupa moja mbele ya watu, kisha anameza chupa ine ndani ya bugali.

Siku tulipomuonyesha ile hesabu kwenye karatasi, alinyamaza sana. Kisha akasema: "Basi mulikuwa munaniacha nijiue na muko munaniangalia." Alikuwa na haki. Hakuna hata mumoja kati yetu aliyekuwa anajua.

Bugali ya mugodini na bugali ya muji

Tusiseme bugali ni adui. Mwenye kushuka ndani ya shimo, kupiga nyundo, kubeba mifuko ya mawe mugongoni kwenye mulima, anachoma ile wanga yote. Bugali ndiyo ilibeba migodi ya Kivu. Baba za wengine wetu walifanya kazi Kamituga, wakati wa MGL, kisha wakati wa SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976. Wazee wanaeleza vizuri namna posho ilivyotolewa: unga kwanza, kisha maharagi, chumvi, mafuta ya mawese, samaki mukavu. Unga ulikuwa wa kujaza tumbo ili mutu arudi kazini kesho. Hakuna aliyehesabu mutu huyo atakuwa namna gani akifika miaka 55.

Taabu ni kwamba mutu anaacha nyundo, lakini haachi bugali ya nyundo. Anapanda cheo, anakuwa mupima, delege, mulinzi, ao anapoteza kazi na kubaki kukaa kwenye kiti. Mikono imepumuzika, sahani haijapumuzika.

Kuna neno lingine tunalosikia sana: "Baba zetu balikula bugali na balifika miaka makumi tisa." Tulimuuliza muzee mumoja wa Kabare, mutu anayejua mambo ya Bushi. Alicheka. Muhogo na mahindi vyote viwili vilitoka Amerika, vilivuka bahari na Wareno, vikafika kwetu nyuma. Mababu wa mababu walikuwa na mutama, bulo, ndizi, maziwa ya ngombe. Na walikuwa wanatembea kwa miguu siku nzima. Kwa hiyo hatutupi desturi ya mababu tukipunguza bugali ya muhogo. Tunapunguza kitu ambacho kilikuja kama mugeni na kikachukua kitanda cha mwenye nyumba.

Tena Kivu tunajua mabaya ya sahani yenye unga peke yake tangu zamani. Kule Lwiro, kwenye sentre ya wasayansi iliyoundwa na Wabeleji mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, madaktari walisoma miaka na miaka ugonjwa wa watoto tunaouita bwaki: mutoto anavimba miguu, nywele zinageuka rangi, anapoteza furaha. Bwaki ilikuwa inashika watoto waliolishwa unga mwingi na protini kidogo sana. Leo ndani ya nyumba moja unaweza kukuta mutoto mwenye bwaki na babu mwenye sukari. Tunaona ni magonjwa mawili mbalimbali, kumbe yamekaa kwenye meza moja: bugali mulima, mboga kijiko.

Mama walikataa, na walikuwa na haki

Tuliitisha mukutano nyumbani kwa Delege. Sisi wanaume tulifika na karatasi yetu ya hesabu, tukaeleza, tukapendekeza kila mugonjwa apikiwe chakula chake. Mama walitusikiliza mupaka mwisho. Kisha Mama Delege akasimama:

"Munataka tupike mara mbili? Sufuria ya mugonjwa na sufuria ya batu bazima? Makala inatoka wapi? Na mutoto akiona baba anakula samaki na yeye anakula bugali na chumvi, mutamueleza nini?"

Hakuna aliyejibu. Mwingine akaongeza: "Unga wa nyumba munanunua nyinyi, lakini kushibisha batu kumi na feza ya batu ine, ni kazi yetu. Bugali ndiyo inatusaidia. Muitoe, mutaleta nini?"

Ndipo mambo yalianza kuwa ya kweli. Kila mutu anayekuambia "acha bugali" bila kukuambia utajaza tumbo na nini, hajawahi kupika Bukavu. Nyama, mayai na samaki vinauzwa bei kali kuliko unga. Tulikaa jioni tatu tukatafuta njia, na njia tuliyoipata ni ya mama, si ya kwetu. Inakaa kwa kanuni tatu.

Ya kwanza: sufuria moja kwa wote. Hakuna chakula cha mugonjwa. Kinachobadilika ni sahani. Mutoto anayekua na kijana anayetoka mugodini wanachukua bugali yao. Mwenye sukari anachukua bugali kama ngumi yake iliyofungwa, isipite pale. Nusu ya sahani yake ni majani, robo moja samaki, nyama, mayai ao maharagi, robo ya mwisho ndiyo ile ngumi.

Ya pili: mboga inaingia mezani mbele ya bugali. Kwetu tulizoea kuvunja bugali kubwa na kuchovya mboga kidogo ili isiishe. Sasa tunaanza na majani na samaki, tunakula kwa uma ao kwa kijiko, tunaongea. Bugali inakuja nyuma. Mutu akiwa ameshiba nusu, ngumi inamutosha. Mwanzoni tulidharau kanuni hii, leo ndiyo tunaona ina nguvu kuliko zote.

Ya tatu: feza ya unga uliobaki inanunua mboga. Nyumba iliyokuwa inapika kilo mbili za unga jioni inapika kilo moja na nusu. Ile nusu kilo, kila siku, kwa mwezi, inakuwa kilo kumi na tano. Hapo ndipo mayai na sambaza vinatoka.

Kosa letu

Kabla ya kuendelea, tueleze kosa ambalo nusura litutolee mutu, ili asiwepo mwenye kulirudia.

Delege, kama tulivyosema, ni mutu wa disipline. Alipoelewa hesabu ya unga, aliacha bugali yote kwa siku moja, na viazi, na muchele, na mukate. Sisi tulimupigia mikono. Lakini aliendelea kumeza vidonge vyake vilevile, glibenklamide asubuhi na jioni. Siku ya ine, usiku, Mama Delege aliamuka akakuta kitanda kimelowa jasho. Bwana anatetemeka, anaongea maneno yasiyo na kichwa, hamutambui. Walifikiri ni malariya imepanda kichwani. Kijana wao wa mwisho, anayesoma uganga wa wauguzi, ndiye alipiga kelele: "Ni sukari imeshuka!" Walimupa maji yenye vijiko vitatu vya sukari, kidogo kidogo kwa sababu bado alikuwa anaweza kumeza. Kisha robo saa alianza kuuliza kwa nini watu wote wako chumbani kwake.

Munganga alitugombeza na alikuwa na haki. Kuna vidonge vinavyosukuma sukari chini hata kama hukula. Ukipunguza wanga bila kupunguza dawa, unaweza kuanguka. Kipimo kikiwa chini ya 70 ni hatari tayari. Kwa hiyo mwenye kumeza dawa ya sukari ao kuchoma insulini, kwanza aende kwa munganga aseme: "Ninataka kupunguza bugali, dawa tuifanye nini?" Kisha apunguze pole pole, apime. Mutu asiyeweza kumeza tena, usimumwangie maji mudomoni, kimbiza hopitali. Na mwenye ugonjwa wa figo aulize pia, maana nyama na maharagi mengi si kwa kila mutu.

Tena chakula hakichukui nafasi ya insulini. Mbele ya insulini, waganga wa dunia nzima walikuwa na silaha moja tu: kunyima wagonjwa chakula. Watoto walikuwa wanakonda mupaka wanakufa. Ilikuwa Toronto, kule Kanada, mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best walipata njia ya kutoa insulini, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 alichomwa wa kwanza. Ndiyo sababu siku ya dunia ya ugonjwa huu ni tarehe 14 Novemba, siku Banting alizaliwa. Mutoto mwenye kuchoma insulini asiachishwe hata siku moja kwa sababu mama amesoma gazeti letu.

Tunachopika siku za kazi

Sambaza ndiye mwalimu wetu. Hakuzaliwa katika ziwa Kivu; alitolewa Tanganyika na kuwekwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wavuvi wanamutafuta usiku na taa, mitumbwi mitatu imeunganishwa pamoja. Asubuhi anafika sokoni angali anang'aa. Tunamuosha, tunamukausha kidogo, tunamukaanga bila kumuviringisha katika unga. Kisha shu moja kubwa inakatwa nyembamba kama majani ya sigara, inapikwa na kitunguu, nyanya mbili na pwaro, dakika saba tu, ili ibaki inalia kwenye meno. Sambaza anawekwa juu. Shu iliyokatwa hivyo inajaza sahani na inajaza jicho. Usisahau kwamba jicho nalo linakula.

Sombe tunaendelea nayo, asante Mungu. Majani ya muhogo yana protini, si kama kiazi chake. Twanga vizuri, chemsha sana, usifanye haraka, sababu sombe mbichi ina sumu. Weka biringanya, seleri, ndagala kavu na karanga ya kusaga vijiko viwili. Mawese weka, lakini isiogelee. Zamani tuliweka mawese mupaka juu ili bugali ipate kitu cha kunywa. Bugali ikipungua, mawese nayo inapungua, na hapo feza ingine inabaki.

Lengalenga na mayai: chemsha lengalenga kidogo, kamua maji, changanya na mayai manne, kitunguu na pilipili, geuza kama omeleti kubwa. Watu sita wanakula asubuhi badala ya bitumbura. Mwenye avoka anakata nusu kwa kila mutu. Avoka inashibisha kama mukate na wanga yake ni kidogo sana. Katika musimu wake inaanguka chini watoto wanaichezea mupira, na sisi tunapita tukienda kununua mukate.

Maharagi yako katikati. Yana wanga, lakini inashuka damuni pole pole, na yana protini nyingi. Yale maharagi ni mboga na ni chakula pia, kwa hiyo siku ya maharagi ngumi ya bugali inakuwa nusu ngumi. Kosa letu la zamani lilikuwa kula maharagi, bugali na ndizi pamoja, tukiita ndizi "mboga".

Kwa unga wenyewe, Mama Delege anachanganya soya iliyokaangwa na kusagwa ndani ya unga wa mahindi, kopo moja kwa makopo matatu. Si kitu kipya: masoso ya watoto, yaani mahindi, soya na mutama, iko sokoni siku nyingi. Bugali yake ni nzito, rangi imegeuka kidogo, na hakuna anayeweza kumaliza kubwa. Uji wa watoto tunaufanya na masoso hiyo, na watoto hatuwapunguzii. Mutoto chini ya miaka mitano ale ashibe. Yeye tunamuongezea yai na samaki, hatumuondolei unga.

Ni wapi tunanunua? Siku za mwisho wa wiki tunatuma watu wawili Kadutu na feza za nyumba sita, wanaleta shu, biringanya na soya kwa jumla. Siku za katikati tunachukua Nyawera, ao kwa mama wanaovuka Ruzizi asubuhi na majani. Nyumba tatu zimepanda lengalenga na seleri ndani ya mifuko ya udongo nyuma ya nyumba. Nguba ni kilima, nafasi haiko, lakini mufuko unasimama hata kwenye ngazi.

Noël, Bonane na wakwe

Siku za kazi ni rahisi. Vita vya kweli ni siku kuu. Angalia sahani ya Noël hapa Bukavu: muchele, makemba ya kukaanga, frite, chapati, makaroni, na bugali kwa muzee asiyeweza kuishi bila yeye. Juu, kipande cha kuku. Pembeni, chupa ya sikre ao ya Primus. Vitu saba ndani ya sahani, sita ni wanga. Na mwenye sukari anaogopa kukataa, sababu kukataa ni kutukana mupishi.

Noël ya mwaka uliopita tulikula pamoja nyumba sita kwa Delege. Mama walifanya sheria moja: wanga moja tu kwa meza. Wakachagua muchele, kwa sababu ya watoto. Zingine zote, hapana. Feza zilizotoka katika makemba, frite, makaroni na chapati zilinunua mbuzi muzima.

Mbuzi alifanya kazi tatu. Miguu na mbavu zilichomwa kwenye makala, michopo, na chumvi, kitunguu saumu na ndimu. Shingo na mifupa ilipikwa polepole na biringanya, karoti chache na seleri, supu nzito ya kunywa mbele ya yote. Matumbo yakaoshwa yakapikwa na nyanya na pilipili. Kuku wawili walipikwa na pwaro na uyoga. Lengalenga sufuria mbili. Kachumbari ya nyanya, kitunguu na avoka kwenye beseni kubwa. Mashanza ya Walungu, ile jibini nyeupe, ikakatwa vipande ikawekwa mezani mwishoni mahali pa keki. Kinywaji: maji ya tangawizi na ndimu bila sukari, baridi. Pombe hatukukataza, sisi si wachungaji, lakini tulisema wazi kwamba kasiksi ina sukari na bia ina yake, na mwenye vidonge asikunywe kabla ya kula.

Sasa, wakwe. Wakwe wa Delege walishuka kutoka Kabare, watu wanne, wazee. Kwa desturi yetu, mukwe usimupe bugali ndogo. Alipoona supu, kisha michopo, kisha kuku, kisha majani, na bado hakuna mulima mweupe mezani, mukwe muzee aliweka kijiko chini akauliza kwa sauti ya heshima: "Bana bangu, unga ulikosa?"

Kila mutu alimuangalia Mama Delege. Yeye alipiga goti kidogo, kama vile tunafundishwa, akasema: "Baba, unga uko. Tulitaka mushibe nyama kwanza, bugali isiwaibie nafasi." Akaingia jikoni akaleta bugali aliyokuwa ameificha, imefunikwa, ya moto. Alijua baba yake. Muzee alicheka, akakata, akala karibu ngumi mbili, akaacha ingine, kwa sababu tumbo lilikuwa tayari limejaa mbuzi. Hakutukanwa, na hakulazimishwa. Tulisikia nyuma kwamba aliporudi kijijini alisema chakula kilikuwa kizuri sana, ila watu wa Bukavu wamekuwa wachoyo wa unga. Tumekubali. Tunakula hiyo lawama bila mafuta.

Somo la siku ile: usifanye vita mezani. Ukimuambia mugeni "hapa hatulagi bugali," umemufukuza. Ukijaza meza na vitu vingine mbele yake, yeye mwenyewe atapunguza.

Kuna wanaosema haya ni mode ya wazungu wa leo. Si ya leo. Mwaka 1863, muji wa London, mutu mumoja mwenye kazi ya kuzika watu, William Banting, ambaye si yule wa insulini, aliandika kijitabu namna alivyopunguza unene kwa kuacha mukate, viazi, sukari na bia. Lakini hatumufuati yeye. Tunafuata kipimo cha Delege.

Tunachouliza sasa

Delege alipoteza kidole kimoja cha muguu, tulichelewa. Muguu wenyewe umebaki. Vidonge vyake vimepunguzwa na munganga, kipimo cha asubuhi kinacheza kati ya 120 na 140. Wagonjwa wengine wawili, mumoja anaenda vizuri. Wa pili alirudi mugodini, anakula kantini ya kule, na kipimo chake kimerudi juu. Hatumulaumu. Kantini ya kule ni bugali na maharagi matatu yanayoogelea.

Hapo ndipo kazi yetu ya sendika inarudi. Kila mwisho wa mwaka, mwajiri mumoja tunayemujua anatoa zawadi ya siku kuu: mufuko wa unga, mufuko wa muchele, sukari kilo tano, mafuta. Watu wanapiga picha na mufuko. Mwaka huu tumeandika katika orodha ya maombi yetu mambo matatu. Moja, sukari na nusu ya unga vibadilishwe kuwa maharagi, soya na samaki mukavu, kwa bei ileile. Mbili, kantini itoe majani kila siku na yai ao samaki, na mufanyakazi apimiwe bugali kadiri ya kazi anayofanya. Tatu, kila mufanyakazi mwenye miaka 40 na zaidi apimwe sukari mara moja kwa mwaka, na kampuni ilipe. Kuchoma kidole ni dakika moja. Kukata muguu ni maisha mazima.

Jibu la kwanza tuliloletewa ni kwamba "wafanyakazi wenyewe wanapenda unga." Ni kweli, tunaupenda. Tulirudisha jibu kwa maandishi kwamba tunaupenda mupaka ukubwa wa ngumi, na tumeomba tarehe ya mukutano. Mama Delege ameomba naye aingie kwenye ujumbe. Amesema atakuja na sufuria.